Wimbo wa Geti la Seremala

Restuta Massawe hakuwa mtu wa kuona haya kuimba mbele za watu. Aliimba akipika, aliimba akikunja nguo, aliimba kwenye foleni ya bucha pale Ilford, London, mpaka muuza nyama akamzoea, akawa anamgongea mdundo kwa ubapa wa kisu. Na hakuimba nyimbo za kanisani tu, ingawa kwaya ya Kiswahili ya parokia ilimtegemea kwa sauti ya pili. Alichokipenda kuliko vyote ni kantri: zile nyimbo za zamani za Kimarekani, za gitaa na fidla, za watu walioachwa, waliopotea njia, waliolewa wakajuta.

"Mama Jacqueline," Watanzania wenzake walimtania, "wewe ni Mchaga au kauboi?"

"Mimi ni Mchaga wa Kibosho," alijibu. "Hao makauboi ndio waliotukuta sisi."

Aliyekulia mlimani hakuhitaji kuelezwa. Miaka ya sabini, huko Kibosho, redio ya Nairobi ilishika vizuri kuliko ya Dar es Salaam, na Jumapili baada ya misa ilikuwa ni magitaa mpaka jioni. Baba yake Restuta, mzee Severin, alikuwa seremala. Redio yake ilikaa juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda, imevalishwa koti la ngozi kama mtu wa heshima. Kiingereza mzee hakukijua zaidi ya salamu na majina ya vifaa vyake. Lakini kila wimbo ulipokwisha alipunguza sauti, akawageukia wanawe na kuwaeleza maana yake bila kusita, kama mtu aliyekuwapo ulipotungwa.

Wimbo mmoja wa treni, alisema, ulikuwa wa baba anayewahi ubatizo wa mwanawe, na treni inamchelewesha. Mwingine, wa mwimbaji mwenye sauti nzito kama gogo linaloburutwa, ulikuwa wa ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, wakapatanishwa na nyumbu. Watoto walimeza yote. Nani angebisha? Baba ndiye mwenye redio.

Restuta alipofika London, mwanamke mzima, Kiingereza kikamkaa kichwani, ndipo alipoanza kusikia maneno yenyewe. Treni ya ubatizo ilikuwa ya wafungwa wanaopelekwa gerezani. Nyumbu aliyepatanisha ndugu hakuwa nyumbu, ilikuwa chupa ya wiski iliyobandikwa jina la utani. Siku hiyo alicheka jikoni peke yake mpaka vitunguu vikaungua, na mumewe Samson, dereva wa basi, aliporudi kutoka kazini alikula wali na maziwa ya mgando.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo burudani yake. Kila wimbo wa utotoni aliupata mtandaoni, akausikiliza neno kwa neno, akaulizia ulitungwa na mtu aliyepatwa na nini, kisha akaiweka maana hiyo kando ya ile ya baba. Kwenye sherehe za parokia, chakula kikishaliwa, watu walimwita mbele. Aliimba ubeti, akasimama, akasema: "Mwimbaji anasema hivi. Baba yangu, seremala wa Kibosho, anasema hivi. Chagueni." Watu walimchagua mzee Severin karibu kila mara, na Restuta alirudi kwenye kiti chake amejaa raha. Maisha yake kwa jumla yalikuwa hivyo. Nyumba ndogo yenye joto, mume asiyegombana, binti aliyemaliza chuo na bado anakuja Jumapili kula.

Wimbo mmoja tu ulimshinda kuupata. Baba aliuita wimbo wa geti. Restuta aliushika mlio wake wote, lakini maneno aliyokumbuka yalikuwa ni sauti tu zisizo na maana, vile mtoto anavyoshika lugha asiyoijua. Kwa baba, wimbo ule ulikuwa wa mtu mkarimu. Geti lake linalia kila likifunguliwa, na watu wanamwambia alitie mafuta, naye anakataa, kwa sababu mlio ule unamwambia mgeni amefika, akoleze moto. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee alimalizia, na hapo aliongeza sauti ya redio.

Wala si kwenye wimbo tu. Geti la kwao wenyewe, la mbao za mvule alizozipiga randa kwa mikono yake, lililia kwa namna ya kutia aibu. Seremala mzima! Wateja waliokuja kuagiza vitanda walicheka: "Mzee Severin, geti lako linalia kama mbuzi anayechinjwa." Yeye alitabasamu tu. Restuta akiwa mdogo alikuwa akisikia ule mlio anaacha kila kitu na kukimbia uani kuona ni nani, shangazi au padre au muuza chumvi. Kwake ulikuwa mlio wa furaha. Alikulia na baba, kaka yake Noel, na mlio ule. Mama yao alikuwa amefariki Restuta hajaanza shule.

Basi, mwaka jana mwanzoni, kampuni aliyofanyia kazi ya kutunza wazee majumbani ilimpeleka Stanmore. Ni mbali na Ilford. Alipanda treni ya Elizabeth mpaka Bond Street, akaingia treni ya Jubilee mpaka mwisho wa reli. Huko alimkuta mama mmoja wa Kihindi aitwaye Alka, mjane, aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga. Watoto wake walikuwa Kanada. Wenzake Restuta walishamwonya. Mama huyu alikuwa amewafukuza watunzaji wote waliotangulia, mmoja kwa sababu ya chai tu.

Wiki ya kwanza Alka alimsemesha kwa Kiingereza kifupi cha kuamrisha. Fungua pazia. Acha hiyo. Si hivyo. Restuta hakukasirika. Alishaona wengi, na alijua kwamba mtu aliyezoea kutembea ukimkalisha kitini huuma. Alimwosha, akamfanyisha mazoezi ya mguu, akamtengenezea chai mpaka alipoipatia, tangawizi nyingi na majani yachemke na maziwa.

Asubuhi moja alikuwa jikoni anasuuza vikombe, mdomo umefungwa, anauvumisha ule wimbo wa geti bila hata kujua. Sauti ikatoka sebuleni, kwa Kiswahili.

"Unauharibu. Hapo sauti inapanda, haishuki."

Kikombe kilimponyoka, bahati kikaangukia kwenye povu. Alikwenda mlangoni mikono inachuruzika maji.

"Mama, umesemaje?"

"Nimesema inapanda." Alka aliinua kidole, akaimba mwenyewe, sauti imekwaruza lakini iko mahali pake. Ikapanda.

Restuta alisimama akimtazama. Kisha, kwa vile hakujua lingine la kufanya, alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa utotoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Alka, na uso wake, uliokuwa umekunjwa wiki nzima, ukakunjuka. "Wewe wa wapi?"

"Kibosho."

"Kibosho! Na mimi wa Moshi mjini, wimbo huo ndio ulionitoa Kiswahili. Nimezaliwa pale, nimesoma pale, nimeondoka nikiwa na watoto wawili. Kwa nini hukusema?"

"Na wewe, mama, kwa nini hukusema?"

Walicheka wote wawili, na mazoezi ya mguu siku hiyo hayakufanyika.

Baba yake Alka, ilivyokuja kujulikana, alikuwa na duka karibu na mnara wa saa. Aliuza baiskeli, redio na santuri. Alka ndiye aliyekaa kaunta, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri na hesabu zake pia. Gramafoni ilikuwa ikilia mchana kutwa ili kuvuta wateja, na wateja walioshuka kutoka mlimani walipenda kantri kuliko kitu chochote.

"Waliegemea kaunta," Alka alisema, "wakaniuliza, 'Dada, huyu analalamika nini?' Nami nikawaambia. Baba alikuwa akinung'unika, anasema nimefungua shule dukani. Lakini ukimwambia mtu wimbo unasema nini, anaununua. Usipomwambia, anausikiliza bure anakwenda zake."

Tangu siku hiyo Restuta aliiona safari ya Stanmore fupi. Kazi ilifanyika, tena vizuri zaidi, lakini ilifanyika kwa nyimbo. Alka alitembezwa korido nzima kwa wimbo wa treni. Alipoelezwa kwamba treni ilikuwa inawahi ubatizo alicheka mpaka ikabidi aketi. "Huyo baba yako," alisema akijifuta macho, "ningemwajiri dukani."

"Sasa huu wa geti," Restuta alisema siku moja, "huu ndio sijaupata popote. Niambie wewe unasemaje."

"Kwanza niambie yeye alisemaje."

Restuta akamweleza: mtu mkarimu, geti linalia, mwenyeji anakoleza moto. Alisimulia kwa madaha, na mkono akauchezesha kama geti linalofunguka. Alingoja kicheko. Alka hakucheka.

"Mama yako alikuwa hai wakati huo?"

"Hapana. Alishafariki. Nilikuwa mdogo sana, hata sura yake siikumbuki sawasawa."

Alka alivuta vuta pindo la shali yake. "Tengeneza chai kwanza," alisema.

Chai ikaja. Alka akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa.

"Anayeimba ni mume," alianza. "Mkewe alikuwa akirudi jioni, geti linalia, na yeye ndani anajua amefika. Kila siku mke anamwambia, tia mafuta bawaba hizo, majirani wanatucheka. Naye anasema kesho. Kisha mke anakufa. Sasa majirani wanakuja na kopo la mafuta, wema wao, wanataka kumsaidia, naye anawaambia waliache vilevile. Maana upepo ukilisukuma, linalia. Na yeye, kwa muda wa kuinua kichwa tu, amesahau kwamba mkewe hayupo." Alimtazama. "Ndio huo, mwanangu. Hauna wageni."

Restuta alivuta kigoda, akaketi. Hakuona sebule ya Stanmore. Aliona uwanja wa kwao, mimea ya masale imepangwa kandokando ya njia, na baba yake akiwa ameinama juu ya ubao na randa mkononi. Na geti likilia, kabla yeye Restuta hajaanza kukimbia, baba akiinua kichwa. Aliinua kichwa kila mara. Alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote ya utotoni bila kulijua ni jambo.

"Kopo la grisi lilikuwa kwenye rafu yake," alisema polepole. "Alitia grisi milango ya watu wote wa kijiji."

Alka hakumwambia nyamaza wala pole. Alimwambia tu kwamba chai inapoa.

Jioni ile kwenye treni Restuta alipitiliza Bond Street, akapitiliza na vituo vilivyofuata, akajikuta ng'ambo ya mto. Alirudi akichekacheka na kulia kwa pamoja, na kijana mmoja akampisha kiti. Kitu kimoja kilimsumbua: je, baba alijua? Au alilia na wimbo bila kuelewa neno, akatunga hadithi ya wageni kwa sababu ndiyo iliyomjia?

Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, alimpigia Noel. Kaka yake alikuwa bado anaishi pale pale kwao, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba, anafuga ng'ombe wa maziwa. Simu ilipopokelewa alisikia ndoo na kuku.

"Kaka Noel, nataka kukuuliza jambo la zamani. Ule wimbo wa geti."

Kuku waliendelea. Ndoo ikawekwa chini.

"Kaka?"

"Nilidhani ulishajua, Resti. Si wewe ndiye mwenye Kiingereza?"

Akamsimulia. Mwaka aliofariki mama yao, Noel alikuwa amekwenda mjini na baba kununua misumari. Wakapita mbele ya duka la Mhindi, na ndani ulikuwa unapigwa wimbo ule waliokuwa wakiusikia redioni. Baba aliingia. Hakuwa mtu wa kuingia dukani bila shughuli. Alimuuliza msichana wa kaunta mwimbaji anasema nini, na msichana akamweleza, kwa upole, kwa Kiswahili kilichonyooka. Baba alisikiliza, amevua kofia. Kisha akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Akanunua santuri ile, naye hana gramafoni, akaibeba mpaka nyumbani ndani ya koti.

"Njiani," Noel alisema, "aliniambia, 'Wewe ni mkubwa, umesikia. Lakini mdogo wako usimwambie.' Maana wewe ulikuwa unauliza kila jioni mama anarudi lini. Ulikuwa unakwenda kukaa pale getini, tunakubeba ukiwa umelala. Baba akasema, huyu mtoto akijua geti linamlilia aliyekufa, hataondoka pale. 'Mwambie ni wimbo wa wageni. Likilia, afurahi.'"

Restuta aliibana simu sikioni.

"Na ulifurahi," Noel aliendelea. "Kwa hiyo mimi nikanyamaza. Mwaka tuliomzika baba, baada ya matanga, watu walipokwisha kuondoka, nililitia grisi mwenyewe. Niliona sasa hakuna tena wa kulisikiliza."

Simu ilipokatika, Samson alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Umehuzunika?" alimuuliza.

Restuta aliiweka simu mezani. "Nimehuzunika kwa ajili yake. Kwa ajili yangu, hapana. Alilibeba peke yake jambo zito, mimi akaniachia jepesi."

"Basi alikuwa fundi kweli," alisema Samson, akaenda kuoga, maana zamu yake ilikuwa inakaribia.

Jumatatu Restuta alimsimulia Alka yote. Msichana wa kaunta, duka la Mhindi, kofia mkononi. Alipomaliza walitazamana.

"Wataka niseme ni mimi," alisema Alka.

"Maduka ya santuri yalikuwa mangapi Moshi?"

"Kulikuwa na la kwetu na la jirani yetu, na yeye pia alikuwa na binti." Alka alitikisa kichwa. "Walikuja wengi, mwanangu. Wengi walivua kofia. Siwezi kukudanganya nikasema namkumbuka. Kama ni mimi, nashukuru nilimwambia kwa upole. Kama ni yule binti mwingine, alikuwa na moyo kuliko nilivyomdhania, maana tulikuwa hatusalimiani."

Restuta alicheka, na likaishia hapo. Hakulisukuma tena. Alijishangaa mwenyewe kwamba hakuhitaji.

Kiangazi kilipofika, parokia ilifanya siku ya familia katika ukumbi wa Ilford. Alka alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda mbali tangu aanguke, na alikuja na fimbo, kwenye gari la kukodi, amevaa sari ya kijani na viatu vya raba. Wamama wa Kichaga walimzunguka kwa maswali ya Moshi, wakamlisha ndizi na kachumbari, nyama akakataa, na kwa dakika chache akawa anabishana na mzee mmoja wa Machame kuhusu mtaa gani ulikuwa na bekari.

Restuta alipoitwa mbele, aliimba wimbo wa geti. Sauti ilipanda pale panapostahili, na Alka kutoka kwenye kiti chake akatikisa kichwa kuridhia. Kisha Restuta akasimulia maana ya mwimbaji. Akasimulia maana ya baba. Akasimulia na kwa nini baba aliamua hivyo. Watu waliozoea kucheka walianza kucheka, wakaacha. Mama mmoja alijitanda kanga usoni. Restuta hakusema "chagueni". Alisema tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na ukumbi wote ukaitikia kwa makofi, na watoto waliokuwa wakikimbizana nyuma wakasimama kuuliza kumetokea nini.

Walipokuwa wanakusanya sahani, Jacqueline alimfuata mama yake. Kiswahili alikielewa chote, ila siku zote alijibu kwa Kiingereza, na safari hii pia aliuliza kwa Kiingereza: bibi yake aliitwa nani?

Restuta alisimama na rundo la sahani mikononi. Miaka yote ile alikuwa amemlisha mtoto hadithi za babu Severin, redio yake na nyumbu wake, na hata siku moja hakuwahi kumtaja mama.

"Aikaeli," alisema. "Alitoka Machame. Noel anasema alikuwa mrefu, na alikuwa anatembea haraka mpaka baba anamwomba amngoje."

Jacqueline alichukua nusu ya zile sahani. Akataka kujua zaidi: alipenda nini, alifanya kazi gani, kuna picha? Mengi Restuta hakuyajua. Walikubaliana Jumapili baada ya chakula wampigie Noel kwa video, wamkalishe chini aseme yote, na Jacqueline ndiye atakayeuliza.

"Kwa Kiswahili," Restuta alisema. "Mjomba wako Kiingereza chake ni cha kuku na ng'ombe."

"Nitajaribu," alijibu binti yake, kwa Kiswahili, na wakaenda jikoni, ambako Alka alikuwa ameshakalia kiti kirefu na kuwaelekeza wamama wa Kichaga namna ya kuchemsha chai.